Mwalimu wa Bendi Ng'ambo ya Ukuta

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutia pumzi tungali matumboni mwa mama zetu, akatuachia tuitumie siku zote hizi kwa hiari yetu, ingawa iko siku atatuuliza tumeifanyia nini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na watu wa nyumba yake, na masahaba wake wote.

Baada ya hayo, nataka kuandika habari za mtu ambaye si wa dini yangu wala si wa ukoo wangu, na kazi yake si kazi niliyoisomea. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi hapa Kariakoo. Mimi nasomesha watoto Kurani katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, na yeye alikuwa akifundisha bendi katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ua wangu. Jina lake silitaji, kwa kuwa mtaa wenyewe haulitumii. Ukimuulizia kwa jina utazunguka mpaka uchoke. Ukisema Mwalimu wa Bendi, hata kijana anayeuza soksi pale kona ataacha meza yake akupeleke.

Nitangulize jambo moja, maana bila hilo mtu huyu haeleweki. Hakuwa mwalimu wa bendi iliyokwisha kuiva. Ile bendi ya shule unayoiona kwenye gwaride, yenye watoto wa darasa la saba waliovaa mikanda myeupe, ilikuwa mikononi mwa mwalimu mwingine, kijana hodari. Wa kwetu alifundisha wanaoanza tu: watoto wa darasa la tano ambao midomo yao haijawahi kugusa shaba. Akishawafikisha mahali pa kupiga wimbo mzima, anawakabidhi kwa yule kijana, kisha anarudi kuchukua wengine wasiojua kitu. Makofi walipigiwa wengine. Sikumsikia akilalamika.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa jirani na watoto wanaojifunza tarumbeta amshukuru Mola wake. Huo si muziki. Ni mbuzi aliyefungwa juani, ni bawaba yenye kutu, ni lori linalorudi nyuma kule bandarini. Na kwa kuwa siku hizi maghorofa yametuzunguka kila upande, sauti ikitoka haina pa kwenda, inagonga huku na kurudi kule, mtoto mmoja anasikika kama watano.

Ndivyo tulivyofahamiana. Nilikwenda shuleni kumlalamikia. Nilimkuta anafuta tarumbeta kwa kitambaa kilicholowa limau, kofia yake ya pama imekaa kichwani sawasawa.

"Shikamoo Shehe," akasema, akanisogezea kiti.

"Marahaba Mwalimu. Nimekuja kwa wema, lakini nimekuja na malalamiko."

"Karibu sana. Na mimi ninayo ya kwako."

"Ya kwangu?"

"Wanafunzi wako wanasoma kwa pumzi ndefu mno. Wangu wakiwasikia wanaona haya, wanaacha kupuliza."

Nilicheka, na mtu akishacheka malalamiko yake yamekwisha nguvu. Akaniuliza nawafundishaje watoto wadogo vile kujua mahali pa kuvuta pumzi. Nikamweleza kwamba katika usomaji wetu kuna mahali pa kusimama na mahali ambapo husimami, kwani ukikata pasipo pake unaweza kuiharibu maana. Kwa hiyo mtoto anafundishwa kuiona stesheni yake kabla pumzi haijamwishia. Mwalimu akajipiga paja.

"Hicho! Hicho ndicho kitu ninachokitafuta! Wangu wanapuliza mpaka wanakauka, halafu wanakatika katikati kama umeme."

Tangu siku hiyo akaweka utaratibu wake, ambao mimi sikumwomba. Adhana ikianza, watoto wote wanashusha vyombo, wananyamaza, na yeye anavua kofia. Aliwaambia, nami nilisikia kwa masikio yangu kutoka upande huu wa ukuta: "Msikilizeni yule baba. Kabla hajaanza, anajua pumzi yake itaishia wapi. Hajawahi kukatika katikati ya neno. Sikilizeni, mjifunze." Watoto wa Kiislamu wakawa wanaitikia kimoyomoyo, na watoto wa Kikristo wakawa wanafuata pumzi ya mwadhini kwa vidole. Katika umri wangu nimesikia mengi yakisemwa juu ya kuheshimiana, lakini hilo lilifanywa kimya kimya mchana, katika shule ambayo choo chake hakifungi mlango.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya kutesa kidogo. Mtoto alikuja mbio akidhani leo leo anapewa tarumbeta lote, naye humpa kile kikombe kidogo cha shaba kinachowekwa mdomoni, basi. Nenda nacho nyumbani. Pulizia humo wiki hii, na ijayo, na inayofuata. Kwa hiyo kila mwaka, shule zikifunguliwa, Kariakoo ilijaa watoto wanaotembea huku wanatetemesha midomo. Vijana wanaopanga bidhaa chini walikuwa hawawaachi.

"Oya dogo, bodaboda yako imeishiwa mafuta!"

"Si bodaboda, ni bajaji hiyo, skia inavyokohoa!"

Watoto wakimshtakia Mwalimu, aliwajibu, "Wamewasikia? Basi mnatoa sauti. Jana walikuwa hawawasikii."

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Kosea kwa sauti." Hakuna kilichomuudhi kama mtoto anayepuliza kidogo kidogo ili makosa yake yasijulikane. "Ukinificha kosa nitakusaidiaje? Kosea nikusikie!" Na kweli walikosea kwa sauti. Mimi ni shahidi, na mke wangu, na kuku wetu.

Alikuwako binti mmoja, Pendo, ambaye wazazi wake wana duka la vitenge mtaa wa pili, watu wa Kilimanjaro kama Mwalimu mwenyewe. Mtoto huyu alipuliza wiki kwa wiki, mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga, ila kilichotoka ni upepo tu. Wenzake walishaanza kutoa milio. Siku moja nilikuwa nimesimama getini, nikamsikia akimwambia, "Mwalimu, nipeleke tu kwenye ngoma."

"Unaipenda ngoma?"

"Hapana."

"Basi unaendea nini? Ngoma si jalala la walioshindwa kupuliza. Kaa hapohapo."

Kesho yake akampeleka kwa muuza matikiti pale Msimbazi, akamnunulia kipande, akampandisha kwenye ngazi ya shule na kumwambia ale, kisha kila mbegu aiteme mbali kadiri awezavyo. Watoto wote wakaja kutazama. Mbegu zikaruka. Moja ilimpata mwalimu mkuu kwenye shati. Pendo alipokuwa anacheka, Mwalimu akamwekea kile kikombe mdomoni na kusema, "Tema mbegu." Ikatoka sauti nene ya kukwaruza, mbaya kabisa, na yule mtoto akashika mdomo wake kana kwamba umekuwa wa mtu mwingine.

"Rudia," Mwalimu akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la sifa. Wanaosema "vizuri sana" aliwaona wavivu. Yeye akipendezwa husema "Rudia", asipopendezwa husema "Rudia", na watoto walijua tofauti yake kwa kutazama nyusi.

Nisimfanye malaika. Subira aliyokuwa nayo kwa mtoto hakuwa nayo kwa mtu mzima hata kidogo. Chapati ikichelewa mgahawani alisimama, akakaa, akasimama tena, akauliza kama ngano inasubiriwa kutoka shambani. Aligombana na kiongozi mmoja wa kwaya ya kanisani kwao juu ya kasi ya wimbo mmoja, wakanuniana miaka, nami niliyekuwa namhubiria msamaha nilijibiwa, "Shehe, ile kasi hukuisikia wewe." Na huyu mtu wa matarumbeta alikuwa hapendi kelele. Nyumbani kwake hapakuwa na redio. Yale magari ya harusi yanayopita Jumamosi na wapulizaji nyuma, bibi harusi mbele, watu wakiruka barabarani, yakimkuta njiani alijiingiza dukani mpaka yapite. "Wanapuliza," alisema, "lakini hakuna anayemsikiliza mwenzake." Mimi, ambaye sishabikii ala za muziki kwa sababu za elimu niliyosoma, nilijikuta nikimtetea bwana harusi.

Sasa nije kwenye habari ya chumba.

Chumba cha bendi kilikuwa cha mwisho katika jengo la shule, na mgongo wake unatazama barabara. Kwa wasioijua Kariakoo niseme tu kwamba ukuta unaotazama barabara hapa haubaki ukuta kwa muda mrefu; watu wanaona fremu ya duka. Kamati ya shule ikataka kukitoboa chumba kile na kukipangisha. Mwenyekiti wa kamati ni mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani, na tunasali safu moja. Si mtu mbaya. Vyoo vya shule vilikuwa vimeoza na wazazi walikuwa wanamsonga. Lakini bila chumba kile vyombo havina pa kulala, na wanaoanza hawana pa kukosea, maana hakuna darasa litakalovumilia sauti zile wakati wa vipindi. Bendi ya wakubwa ingeendelea mwaka mmoja, miwili, kisha ingekauka, kwa kuwa hakuna anayeingia. Mwalimu alilijua hilo. Alikonda.

Mwenyekiti akampa nafasi moja. Palikuwa na sherehe ya shule za mjini pale viwanja vya Mnazi Mmoja, na mgeni rasmi anakuja. "Mwalimu," akamwambia mbele yangu, "usipeleke wakubwa. Peleka hao wako wanaoanza, kamati iwaone. Wakituletea sifa, chumba chako kinabaki. Wakituaibisha, usinilaumu."

Aliwatungia wimbo mfupi wa kuandamana, mwepesi, ambao kila mtoto ana mahali pake pa kusikika. Nilizoea kuusikia ukiharibika kila alasiri ng'ambo ya ukuta, halafu alasiri moja haukuharibika.

Siku yenyewe nilikwenda, nikakaa kando pamoja na wazazi. Watoto wakaingia na mashati meupe, Pendo akiwa mstari wa mbele. Wakaanza kwa kutetemeka, wakatulia, na nikaona mgeni rasmi ameacha kuzungumza na jirani yake, kichwa chake kinafuata mdundo. Mwenyekiti wetu, kwenye viti vya wakubwa, alitanua kifua.

Hapo ndipo adhana ya alasiri ilipoanza, mbali, kwenye spika ya upande wa Kariakoo. Uwanjani watu walikuwa wanaongea, wauza soda wanapita, sidhani wengi waliisikia. Watoto wale waliisikia. Mmoja mmoja wakashusha tarumbeta vifuani. Ngoma kubwa ikapiga mara moja peke yake, ikanyamaza.

"Wamesahau!" mtu akasema nyuma yangu, na watu wakacheka.

Nilimtazama Mwalimu. Mkono wake ulikuwa bado juu. Watoto walikuwa wanamtazama yeye, na kila aliyemjua alijua kwamba akiutikisa tu mkono ule wataendelea. Aliutazama mkono wake. Kisha akaushusha, akavua kofia.

Mshereheshaji akaona aibu kwa niaba yao. "Jamani tuwapigie makofi, ni watoto hawa, wamejitahidi," akasema, akaita shule inayofuata. Adhana ilipokwisha na Mwalimu akainua tena mkono, ngoma za shule nyingine zilikuwa zimekwisha kuingia uwanjani. Wakaondolewa wakiwa wamepiga nusu.

Pendo alikuwa analia. "Mwalimu, mahali pangu palikuwa bado. Hatukufika kwangu."

"Najua," akasema.

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye na watoto, na mwenyekiti akatupata njiani.

"Shikamoo Shehe. Umeona tulivyoaibika?"

"Marahaba. Nimeona watoto wamenyamazia adhana. Aibu iko wapi?"

"Astaghfirullah, sisemi adhana ni aibu, usinifikishe huko. Lakini Shehe, mimi mwenyewe nilikuwa kwenye simu! Nakwambia kweli. Nusu ya Waislamu pale tulikuwa tunaongea. Leo bendi ya Mkristo ndiyo initie adabu mbele ya mgeni rasmi?" Akamgeukia Mwalimu. "Si ungewaambia tu kwamba leo ni siku nyingine?"

Mwalimu alikuwa amemshika Pendo mkono. "Mwaka mzima nimewazoesha kusikiliza," akasema. "Nikiwaambia leo wasisikilize kwa sababu kuna mkubwa amekaa, kesho nitawafundisha nini?"

"Maneno mazuri," mwenyekiti akasema. "Lakini nilishatamka mbele ya kamati."

Chumba kikachukuliwa. Leo ni duka la maua ya plastiki, na vyoo vya shule vina milango. Hilo nalo niliandike, nisije nikamdhulumu mtu.

Mwalimu alikuja kwangu wiki ile chumba kilipochukuliwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shehe, nina ombi. Ukikataa sitakasirika."

Nilijua analotaka kabla hajalisema: mahali pa watoto wake kupulizia. Na sikumficha hali yangu. Nilimwambia kwamba wanachuoni wamehitilafiana juu ya ala, na mimi niko upande wa wanaojiepusha nazo, na uzee huu sitarajii kuhama.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja nikiona haya."

Nikamwomba aniache siku kadhaa. Nikasali, nikamwomba Mungu anichagulie. Nilichokuwa nakiona kila nikikaa kwenye mswala ni ule mkono uliokuwa juu, ukashuka. Kwa ajili ya wito wa dini yangu mtu yule alipoteza chumba chake, wala hakuja kunidai hata shukrani. Nikamwita nikamwambia: chumba cha mbele ni cha Kurani, tarumbeta halitaingia humo. Lakini ua ni wa nyumba, na nyumba ni yangu. Baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Ramadhani hapana.

"Ramadhani hapana," akarudia, kama mtoto anayeogopa kusahau masharti.

Msikitini walinitania mpaka wakachoka. "Shehe, tumesikia umefungua bendi!"

"Bado natafuta mpiga ngoma," niliwajibu. "Una nafasi?"

Siku ya kwanza uani aliwaleta wale wa Mnazi Mmoja. Aliwapanga kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, akainua mkono, na wakaanza pale pale walipokatishwa. Walipofika mahali pa Pendo, akapiga. Mimi nilikuwa ndani, mlango nimeurudisha, lakini mlango wetu haufungi vizuri. Kisha wote wakapanda darasa la sita, akawakabidhi kwa yule kijana, na ua ukabaki kwa wanaoanza wengine.

Mwaka huu Mwalimu amestaafu. Meno ya mbele yameng'oka, hawezi tena kuwaonyesha watoto kwa kupuliza. Anawaimbia tu do, re, mi, nao wanaitafuta. Bado anakuja kila alasiri, na wiki iliyopita alikuja na kundi jipya kabisa. Nilitoka nikakaa naye kwenye benchi. Kuku wamepanda juu ya tangi. Mtoto mmoja anatoa sauti ya mbwa aliyekanyagwa, mwingine hatoi kitu, wa tatu amekipuliza kikombe kwa upande usio wake na anashangaa. Mwalimu ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, amefumba macho, uso umekunjuka kama wa mtu aliyewekewa maji ya kunywa.

Mke wangu akatoka jikoni, upawa mkononi. Ni mwanamke mvumilivu, lakini ana masikio.

"Mwalimu," akasema, "nikuulize bila ubaya. Hawa watajua lini?"

"Wakijua, Mama, nitawatoa hapa," akajibu, macho yamefumbwa. "Hapa ni pa wasiojua."

Mke wangu akawatazama wale watoto. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika kivulini kwa ajili ya waliokosa pa kukaa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie mahali pa kukosea usipochekwa, na mtu wa kukungoja mpaka sauti yako itoke, na ikishatoka akuwafikishe kuwangoja wengine. Amin.